UZI: Askari weusi wa Massachusetts waliopigana miezi 18 bila kugusa mshahara

Kalamu ya Mkaa:

Wakuu, habari za jioni. Kwenye uzi wa juzi kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, kuna mdau alisema watu weusi walikaa wakingoja wazungu wa Kaskazini waje kuwafungulia minyororo. Iliniuma, na sikutaka kumjibu kwa mistari miwili. Naomba niwaeleze habari za rejimenti moja tu, ya 54 ya Massachusetts, askari wa miguu wa kujitolea. Wanaoifahamu wanakumbuka ngome ya Wagner. Ngome nitaieleza, lakini nitakaa zaidi kwenye meza ya mlipa mishahara, maana kwangu mimi vita vyao vizito vilipiganwa pale.

Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln alitia saini tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo ya Kusini yaliyoasi, na ndani yake mkawa na ruhusa ya kuwapokea watu weusi jeshini. Gavana wa Massachusetts, John Andrew, alikuwa ameisubiri kwa hamu ruhusa hiyo. Mwezi haujaisha akawa na kibali cha waziri wa vita, Edwin Stanton. Tatizo likawa watu: jimbo lake halikuwa na vijana weusi wa kujaza kombania kumi. Wakatafutwa New York, Pennsylvania, Ohio, hadi Kanada na visiwa vya Karibea. Frederick Douglass, yule aliyezaliwa mtumwa Maryland akatoroka, alihutubia na kuandika kuwahimiza vijana wajiunge, na hakuwahimiza watoto wa wenzake tu. Wanawe wawili, Lewis na Charles, waliandikishwa. Lewis akawa sajini meja wa rejimenti.

Walikusanyika kambi ya Readville, nje kidogo ya Boston: mabaharia, vinyozi, vibarua wa mashambani, waendesha mikokoteni. Maofisa wote wakawa wazungu, hilo lilikuwa sharti la serikali. Kanali alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka familia tajiri iliyopinga utumwa. Alipoletewa cheo hicho mara ya kwanza alikikataa, kisha akabadili mawazo.

Tarehe 28 Mei 1863 walipita mitaa ya Boston kwa gwaride, watu wamejaa hadi madirishani, wakapanda meli kuelekea South Carolina. Mwanzoni mwa mwezi huohuo bunge la Kusini lilikuwa limepitisha azimio: ofisa mzungu atakayekamatwa akiongoza askari weusi anaweza kuuawa, na askari weusi watakabidhiwa kwa majimbo washughulikiwe kwa sheria za huko, yaani sheria za utumwa. Kila aliyepanda meli ile alipanda akilijua hilo.

Naandika sehemu ya pili, nivumilieni.

Dereva wa Usiku:

Tiririka mkuu, nimepaki pembeni nasoma.

Bint Baraste:

Endelea kaka. Swali dogo: walipewa mshahara sawa na wazungu? Nauliza kwa sababu ya kichwa cha uzi.

Kalamu ya Mkaa:

Dada, waliahidiwa sawa. Walipoandikishwa waliambiwa dola 13 kwa mwezi, kama askari mwingine yeyote wa kawaida. Lishike hilo, nitalirudia.

Sehemu ya pili. Kazi yao ya kwanza huko Kusini haikuwa ya kujivunia. Tarehe 11 Juni 1863 kanali wa rejimenti nyingine, James Montgomery, aliwaamuru wasaidie kuuchoma mji mdogo wa Darien, Georgia, mji ambao haukuwapiga hata risasi moja. Shaw alichukizwa, akaandika barua kulalamika. Aliogopa vijana wake watapewa jina la waporaji kabla hawajapewa nafasi ya kupigana.

Nafasi ikaja tarehe 16 Julai, kisiwa cha James, jirani na Charleston. Alfajiri jeshi la Kusini liliwashambulia, na askari wa 54 waliokuwa lindo la mbele wakashikilia mpaka rejimenti ya 10 ya Connecticut, ya wazungu, ikapata mwanya wa kutoka mahali ilipokuwa karibu kuzingirwa. Usiku huo wakahamishwa. Walitembea kwenye mvua na matope juu ya madaraja membamba ya mbao, wakavuka kisiwa baada ya kisiwa. Jioni ya tarehe 18 walifika kisiwa cha Morris wakiwa hawajalala usiku mbili wala kula chakula cha maana.

Mbele yao ilikuwa Wagner. Msione neno ngome mkafikiria mawe kama Fort Jesus. Hii ilijengwa kwa mchanga, udongo na magogo ya miti ya jamii ya mitende, na kumbe mchanga ndio ulikuwa nguvu yake. Kombora likitua, mchanga unalimeza. Siku nzima manowari za chuma na mizinga ya nchi kavu ziliitwanga, na majenerali wakaamini waliomo wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Askari wapatao 1,700 walikuwa wamejibanza kwenye vyumba vya chini ya mchanga wakingoja mizinga inyamaze. Njia ya kuifikia ilikuwa ukanda wa ufukwe, bahari upande mmoja na kinamasi upande mwingine. Mahali fulani ukanda ule ulikuwa mwembamba hivi kwamba askari wa pembeni walitembea ndani ya maji.

Jenerali George Strong alimwonyesha kidole mshika bendera, akauliza: huyu akianguka, nani ataiokota? Shaw akatoa sigara mdomoni, akajibu, "Mimi."

Yapata saa mbili kasoro robo usiku walianza kwenda, watu kama 600, singe zimefungwa kwenye mitutu. Wakavuka mtaro, wakapanda ukuta wa mchanga, wakapigana kwa singe na vitako vya bunduki. Shaw aliuawa juu ya ukuta. Mshika bendera, sajini John Wall, alipoanguka, bendera ilidakwa na sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa Norfolk, Virginia. Akaisimika juu ya ukuta. Amri ya kurudi nyuma ilipotoka akarudi nayo, amepigwa risasi zaidi ya mara moja, anatambaa kwa magoti huku mkono mmoja umeishikilia bendera isiguse chini. Alipofika kwa wenzake akawaambia bendera haikugusa ardhi, kisha akazimia.

Kati ya wale 600, waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea walikuwa 272. Kwa rejimenti zote za Kaskazini usiku ule hesabu ilifika 1,515. Upande wa Kusini haikufika 250.

Shaw alizikwa shimo moja na askari wake, na waliofanya hivyo walikusudia kumdhalilisha. Baba yake alipopata habari aliandika kuomba mwili usifukuliwe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa heshima kuliko pale alipolala na vijana wake.

Shamba la Nyuki:

Mkuu naomba nikukatishe. Hapo mimi naona kafara. Watu hawajalala, hawajala, halafu unawatanguliza mbele kwenye ufukwe mwembamba? Wazungu waliwatumia weusi kumaliza risasi za adui.

Kalamu ya Mkaa:

Ndugu yangu, hoja yako siyo ya kupuuzwa. Baadaye mwandishi mmoja wa gazeti la New York alitoa ushahidi kwamba jenerali Truman Seymour, aliyeongoza shambulio lile, alisema maneno ya dharau sana kuhusu kuwaweka vijana hao mbele. Mimi siwezi kumsafisha Seymour. Lakini nikiishia kwenye neno kafara, nawaondoa wao wenyewe kwenye habari yao. Shaw ndiye aliyeomba wapigane bega kwa bega na rejimenti za wazungu, na wao walijua wanachokitafuta. Siku mbili baada ya Wagner, Lewis Douglass alimwandikia mchumba wake, Amelia Loguen, akamwambia alitamani wangekuwa na askari weusi laki moja, vita vingeisha. Huyo ametoka kuona wenzake wakilala mchangani.

Kuna jingine. Siku zilezile za Julai, New York kulikuwa na ghasia kubwa za watu waliokataa kuandikishwa jeshini, na hasira zao wakazimalizia kwa watu weusi. Sajini Robert Simmons wa rejimenti hii, mzaliwa wa Bermuda, alikuwa na mpwa wake New York, mtoto. Umati ulimuua. Mjomba akajeruhiwa Wagner, akatekwa, akakatwa mkono, akafia Charleston. Familia moja, wiki moja, pande zote mbili za vita.

Mwalimu Mstaafu:

Hongera kijana kwa kazi nzuri. Wale waliotekwa walifanywaje? Waliuzwa?

Kalamu ya Mkaa:

Shikamoo mwalimu. Wanne walifikishwa mahakamani Charleston mwezi Septemba 1863, wakishtakiwa kwa uasi wa watumwa, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kitanzi. Wakili wa hapohapo Charleston, Nelson Mitchell, aliwatetea. Mahakama ikaamua haina mamlaka juu yao, wakarudishwa gerezani. Pia Lincoln alikuwa ametoa amri tarehe 30 Julai: kwa kila askari wa Kaskazini atakayeuawa kinyume cha sheria za vita, askari mmoja wa Kusini atauawa, na kwa kila atakayeuzwa utumwani, mmoja atapelekwa kazi ngumu. Nadhani hiyo ilisaidia. Hata hivyo wengi waliishia kwenye makambi ya mateka, na huko njaa na magonjwa viliua sana.

Sasa tuje kwenye mshahara.

Wizara ya vita ilikuta sheria ya Julai 1862 iliyotungwa kwa ajili ya vibarua weusi wa jeshi, wachimba mahandaki na wabeba mizigo: dola 10 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 3 zaweza kukatwa kama nguo. Ikaamuliwa kwamba mtu mweusi, hata akiwa na bunduki, analipwa kwa sheria hiyo. Askari mzungu wa chini kabisa alipata 13 na posho ya nguo juu yake. Mweusi angepokea 7 mkononi, na hata awe sajini hizo hizo.

Mlipa mishahara alipokuja na meza yake, walikataa. Si kombania moja, rejimenti nzima. Akaja tena, wakakataa tena. Gavana Andrew alijisikia amewadanganya watu, akaliomba bunge la jimbo lake liwaongezee ile tofauti ili wafikie 13. Bunge likakubali mwezi Novemba 1863. Wajumbe wakaja na habari hiyo njema mpaka kambini, na wakakataliwa vilevile. Askari wale walishukuru, kisha wakasema wao ni askari wa Marekani, na atakayewalipa ni Marekani, tena kwa ukamilifu. Wakichukua 7 kwa serikali na 6 kwa gavana, watakuwa wametia saini kwamba thamani yao ni 7.

Koplo James Henry Gooding, aliyekuwa baharia wa meli za kuwinda nyangumi kutoka New Bedford, alimwandikia Lincoln mwenyewe tarehe 28 Septemba 1863. Hakubembeleza. Aliuliza kama wao ni askari au ni vibarua, kisha akaandika: "Tumefanya kazi ya askari. Kwa nini tusipate mshahara wa askari?"

Dereva wa Usiku:

Mkuu nawaheshimu, ila mimi nina watoto watatu. Dola 7 si bora kuliko sifuri? Wake zao nyumbani walikula nini? Msimamo haupikwi.

Kalamu ya Mkaa:

Kaka, umegusa penyewe. Wake zao waliumia kweli. Barua zilifika kambini, za watoto walio na njaa, za wanawake waliofukuzwa kwenye nyumba kwa kodi, za waliolazimika kwenda kwenye nyumba za maskini. Mtu anasoma barua hiyo usiku, asubuhi anapita mbele ya meza yenye hela na haichukui.

Nikuambie jambo langu. Nikiwa na miaka 22 nilifanya kazi ya ujenzi, mahali sitapataja. Tulikubaliana kiasi fulani kwa siku. Mwisho wa mwezi karatasi ya malipo ikaja na kiasi pungufu, na msimamizi akasema anayetaka asaini, asiyetaka aondoke. Nilisaini. Nilikuwa na mdogo wangu anangoja ada. Simlaumu kijana yule aliyesaini, lakini bado naukumbuka ule wino, na mwezi uliofuata tulilipwa hicho hicho pungufu, kwa kuwa tayari nilishakubali kwa mkono wangu. Ndiyo maana nikisoma habari za watu hawa siwezi kuipita haraka. Wao waliona mbele zaidi ya mwezi mmoja.

Na kukataa kulikuwa na hatari. Rejimenti ya 3 ya South Carolina, nayo ya weusi, ilikuwa na sajini William Walker. Novemba 1863 aliongoza kombania yake kuweka bunduki chini mbele ya hema la kanali, kwamba bila malipo sawa hawatafanya kazi. Ikaitwa maasi. Tarehe 29 Februari 1864 alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe. Askari wa 54 walichagua njia nyembamba zaidi: fedha hatupokei, vitani tunakwenda.

Wakaenda Olustee, Florida, tarehe 20 Februari 1864. Jeshi la Kaskazini lilishindwa vibaya pale, likapoteza watu 1,861. Rejimenti ya 54 na ya 35 ya askari weusi ziliitwa mwishoni kuziba pengo wenzao wakirudi nyuma. Waliingia msituni wakipiga kelele, "Massachusetts na dola saba kwa mwezi!" Walikuwa wanaishangilia aibu ya serikali yao huku wanaifia.

Usiku ule na siku iliyofuata ndipo lilipotokea jambo ninalolipenda kuliko hata Carney na bendera. Garimoshi lililobeba majeruhi liliharibika injini njiani, adui yuko nyuma. Rejimenti ya 54 ikaamriwa irudi ilikotoka kulichukua. Wakafunga kamba kwenye injini na mabehewa, wakalivuta kwa mikono. Watu waliotembea siku kadhaa, wenye malengelenge miguuni, wanavuta garimoshi kwenye reli kiasi cha maili tatu hadi kambi ya Finegan, ambako farasi walipatikana wa kuwasaidia kulifikisha Jacksonville. Mle ndani walikuwamo majeruhi weusi na wazungu. Kila mkono uliokamata kamba ile ulikuwa wa mtu anayeidai serikali mshahara wa miezi tisa.

Bint Baraste:

Kaka hapo kwenye kamba nimelia. Walilipwa hatimaye?

Kalamu ya Mkaa:

Juni 1864 bunge la Marekani likapitisha malipo sawa, lakini likaweka mtego: malipo kamili tangu kuandikishwa ni kwa yule tu aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Kwa hiyo muungwana alipwe, na aliyekuwa mtumwa siku ile asilipwe sawa. Sisi watu wa pwani neno hilo la uungwana tunajua lilivyowahi kugawa watu kwenye nyumba moja. Ndani ya rejimenti walikuwamo watoro waliovuka kutoka Kusini, wamelala hema moja na waliozaliwa huru.

Kanali wakati huo alikuwa Edward Hallowell, mtoto wa familia ya Wakweka, madhehebu ya Kikristo yaliyopinga utumwa, kutoka Philadelphia. Alitunga kiapo ambacho kila askari angeweza kukiapa bila kusema uongo: kwamba tarehe 19 Aprili 1861 na kabla yake hukuwa na deni la kazi isiyolipwa kwa mtu yeyote. Nani mbele ya Mungu anadaiwa utumwa? Wakavua kofia, wakainua mikono, wakaapa, aliyezaliwa huru na aliyetoroka bwana wake.

Mwishoni mwa Septemba 1864 mlipaji akaja na hesabu kamili. Iliyolipwa kwa rejimenti ilikuwa takribani dola 170,000, na nyingi zikatumwa nyumbani mara moja. Kambi iliimba. Machi 1865 sheria nyingine ikaondoa kabisa ule ubaguzi wa tarehe.

Mwalimu Mstaafu:

Niongeze kipande cha kwetu. Fundi cherehani wa zamani atakwambia kitambaa cha pamba kisichopaushwa kinaitwa merikani. Kilikuja Unguja na meli za Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830, kikibadilishwa kwa pembe za ndovu na gundi. Kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts hiyohiyo. Vita vilipoanza kikaadimika Unguja, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi.

Kalamu ya Mkaa:

Asante sana mwalimu. Na pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini. Bibi zetu walijifunga jasho la watu ambao ndugu zao walikuja kuvaa sare ya bluu.

Shamba la Nyuki:

Kulikuwa na yeyote aliyezaliwa Afrika kabisa?

Kalamu ya Mkaa:

Kwenye rejimenti dada, ya 55, iliyoundwa na waliozidi Readville, alikuwamo Nicholas Said. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mohammed Ali bin Said, mtu wa Borno, karibu na ziwa Chad. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa hadi Tripoli, akauzwa Uturuki, akatumikia mabwana wa Urusi, akazunguka Ulaya akijua lugha kadhaa, kisha akafika Marekani na kufundisha shule Detroit. Mwaka 1863 akajiandikisha kwa hiari. Anastahili uzi wake.

Namalizia mkondo wa rejimenti. Baada ya Olustee walipigana Honey Hill, South Carolina, tarehe 30 Novemba 1864, na Boykin's Mill tarehe 18 Aprili 1865, siku tisa baada ya Jenerali Lee, jemadari wa Kusini, kusalimu amri Virginia. Stephen Swails, sajini mweusi aliyejeruhiwa Olustee, alipewa uluteni na gavana, wizara ikamzungusha karibu mwaka mzima kabla ya kumkubali Januari 1865. Baada ya vita akawa seneta wa jimbo la South Carolina. Rejimenti ilivunjwa Agosti 1865, ikapokelewa Boston tarehe 2 Septemba. Carney alirudi New Bedford akawa mgawa barua, na nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa akapewa Mei 1900, miaka 37 baada ya usiku ule.

Boston, mbele ya jengo la serikali ya jimbo, kuna sanamu yao ya shaba iliyochongwa na Augustus Saint-Gaudens, ikazinduliwa 31 Mei 1897. Shaw juu ya farasi, askari wakitembea pembeni yake, kila mmoja na sura yake. Majina ya maofisa wazungu waliokufa yaliandikwa tangu mwanzo. Majina ya askari weusi yalichongwa nyuma yake mwaka 1982.

Dereva wa Usiku:

Mkuu, yule koplo aliyemwandikia Lincoln, alizipata hela zake?

Kalamu ya Mkaa:

Hapana kaka. Gooding alijeruhiwa Olustee, wenzake wakadhani ameuawa. Kumbe alitekwa, akapelekwa gereza la Andersonville, Georgia. Alifariki huko tarehe 19 Julai 1864. Sheria ya malipo ilikuwa imepita mwezi mmoja nyuma, na meza ya mlipaji ilifika kambini miezi miwili mbele.